Betri Iliyojirudi

Mwezi uliopita gari langu liligoma kuwaka pale Kagongwa, mbele ya duka la mchele, nikiwa na kiroba cha kilo ishirini na tano nyuma na jua likiwa limeshafika utosini. Fundi mmoja wa makamo akaja, akafungua boneti, akaiangalia betri yangu kwa huruma kama mtu anayeangalia marehemu. Nikamfuata hadi kibandani kwake kutafuta nyingine. Sikuwa nimeingia vizuri mlangoni harufu iliponidaka. Ni harufu ya betri zinazochajiwa, ukali wa siki uliochanganyika na yai viza, inapita puani haraka na kwenda kukaa nyuma ya koo, palepale kikohozi kinapoanzia. Watu wengi huziba pua. Mimi nilisimama nikaivuta, mwalimu mzima mwenye mkoba wa madaftari begani, mpaka fundi akaniuliza kama najisikia vibaya.

Nilikuwa najisikia vizuri sana. Nilikuwa nyumbani.

Fundi akachagua betri moja, akagusisha waya za mita, akanigeuzia kioo nisome mwenyewe. "Kumi na mbili na nusu, mwalimu. Hii inakupeleka popote."

"Washa taa kwanza," nikasema.

Akanitazama. "Taa ya nini mchana huu?"

Nikagundua kwamba aliyesema hakuwa mimi. Alikuwa mama yangu, na alikuwa akisema kupitia kinywa changu kwa sauti ileile ya kutotaka mjadala. Ngoja nikueleze alivyofikia kuyasema, maana nina deni kubwa kwa maneno hayo matatu, na sijawahi kuyashukuru vya kutosha.

Tuliishi kijiji kimoja cha jirani na Kharumwa, enzi ambazo nguzo za umeme zilikuwa bado mbali na sisi, na mwenye simu ya mkononi alilazimika kupanda juu ya kichuguu ili aongee. Mama alikuwa na jenereta moja, chaja mbili na kibanda cha mabati. Watu walileta betri nyuma ya baiskeli, zimefungwa kwa mpira wa tyubu: betri za redio, betri za taa, betri ya mashine ya kinyozi, betri ya televisheni ya banda la mpira. Kila moja ilikuwa na jina la mwenyewe limeandikwa kwa rangi ubavuni. Wateja wengine niliwajua kwa betri zao kabla sijaziona sura zao, na nilipokutana nao nilishangaa kwamba mtu mwenye betri kubwa vile anaweza kuwa mfupi.

Babu, baba yake mama, aliwahi kufanya kazi ya gereji Mwadui, na mama alikulia miguuni kwake akimshikia spana. Ndiyo maana aliijua asidi. Aliweka ndoo ya maji ya magadi karibu na mlango ili ikikurukia ukimbilie hapo, lakini nguo hazikuwa na mahali pa kukimbilia. Sketi yangu ya shule ilijaa matundu madogo chini, kana kwamba panya walifanya kikao humo. Walimu walinisema mwanzoni, baadaye wakazoea.

Utaratibu wa kibandani ulikuwa mmoja. Kushoto kwa mlango zilikaa betri zilizoletwa, kulia zilikaa zilizoshiba. Mama alinifundisha tabia zao akiwa anafanya kazi nyingine, bila kunikalisha chini. Betri ikianza kutumika, alisema, inashuka kidogo, halafu inatulia. Inatulia muda mrefu kiasi kwamba unasahau inaisha. Redio ni ileile, taa ni ileile. Kisha mwishoni inaporomoka mara moja, na mwenye nayo anakuja hapa analalamika kwamba imekufa ghafla. "Haikufa ghafla," mama alisema. "Ilikuwa inaisha tangu alipoiwasha. Yeye ndiye hakuwa anaangalia."

Alinieleza pia kwamba betri ni kama ng'ombe wa maziwa, ukiikamua kwa pupa inakupa kidogo, ukiikamua polepole inakupa zaidi. Kwamba ndani yake asidi inanywewa na sahani za madini ya risasi, inabaki kitu cha kukaribia maji, na ndiyo maana kile kidude kinachoelea ndani ya kibomba cha kupimia asidi kinazama. Kwamba kuimaliza kabisa na kuiacha hivyo wiki mbili tatu ni kuiua, kwa sababu sahani zinaota ukungu mgumu ambao chaji haiutoi. Miaka mingi baadaye nilikuja kuyasoma hayo yote chuoni, kwenye kitabu kinene, na nikaona mwandishi ametumia kurasa nyingi bila kumtaja ng'ombe hata mmoja.

Lakini tabia moja ya betri mama aliichukia. Ukiichukua betri iliyochoka, ambayo taa yake imeshakuwa ya rangi ya chai, ukaizima na kuiacha ipumzike, kesho yake mshale wa mita unakuwa umepanda wenyewe. Haijachajiwa, haijaguswa na mtu, lakini ukiipima inakuambia niko vizuri. Asidi kidogo iliyobaki imepata muda wa kupenya tena kwenye sahani, basi, wala hakuna kilichoongezeka. Kibandani hali hiyo tuliiita kujirudi. "Hii imejirudi," mama alikuwa akisema, na hakulisema neno hilo kwa sifa. Kanisani mtu aliyejirudi alipigiwa makofi. Kwetu betri iliyojirudi ilitazamwa kwa jicho la pembeni.

Dawa yake ilikuwa taa ya kopo. Ilikuwa balbu ya taa kubwa ya lori, zawadi ya babu, imesimikwa ndani ya kopo la maziwa ya unga na kutolewa waya mbili zenye vibanio. Hakuna betri iliyotoka kwa mama bila kuwashiwa taa hiyo. Aliibana kwenye vichwa vya betri, taa ikawaka nyeupe, halafu akavuta beseni la viazi vitamu na kisu akaanza kukata michembe, vile vipande vyembamba tunavyoanika juani vije kuliwa kiangazi. Hakuwa na saa. Saa yake ilikuwa beseni. Akikata viazi vyote na taa bado nyeupe, betri ilikuwa na kitu ndani. Taa ikififia kabla beseni halijafika nusu, betri ilirudi kushoto, mita iseme itakavyo.

Nilikuwa na miaka kumi nilipoidharau taa hiyo. Jumamosi moja mama alikwenda msibani akaniachia kibanda, na Katekista Mathayo, mzee mpole aliyeongoza kanisa dogo la kijiji cha mbali, akaja kuchukua betri ya vipaza sauti vya ibada ya Pasaka. Wenzangu walikuwa wananisubiri tukaruke kamba. Nikaona betri yenye jina lake imekaa karibu na mlango, katikati katikati, si kulia wala kushoto. Nikagusisha mita. Mshale ukapanda vizuri tu. Nikamfungia kwenye baiskeli, akanishukuru kwa heshima zote, nikaenda kuruka kamba.

Betri ilikuwa imeletwa jana yake, imechoka, na haikuwa imechajiwa hata kidogo. Ilikuwa imelala usiku mmoja ikajirudi. Jumatatu katekista aliirudisha mwenyewe, amesukuma baiskeli kwa mguu sehemu kubwa ya njia. Kwaya iliimba wimbo wa kwanza ikasikika hadi ng'ambo ya mbuga, alisema, wimbo wa pili vipaza sauti vikaanza kulia kama mbuzi, wa tatu vikanyamaza. Wageni kutoka parokiani walikuwepo. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mama Limi, labda ni betri yangu imezeeka," na akanitazama mimi, na mimi nikatamani anichape yaishe.

Mama hakunichapa pia. Aliibana taa ya kopo kwenye betri ileile, ambayo ilikuwa imeshapumzika tena na mita ikaipa sifa tena, akanikalisha mbele yake. Taa ikawaka nyeupe. Nilitazama. Kabla hajamaliza viazi vitatu ikawa ya njano, kisha ya rangi ya chai, kisha ukaona tu uzi mwekundu ndani ya balbu. "Ikiwa imekaa haina kazi, kila betri ni nzima," mama akasema. "Washa uone." Nikalia kwa aibu. Kuanzia siku hiyo sikuhitaji kukumbushwa.

Sasa nimtaje baba. Baba alikuwa mchimbaji upande wa Geita, na kazi yake duarani, yaani ndani ya shimo la dhahabu, ilikuwa kufunga matimba, zile nguzo za miti zinazoshikilia kuta zisiwaangukie watu. Ni kazi ya mtu anayeaminiwa. Alirudi nyumbani kila baada ya wiki kadhaa, mweupe wa vumbi hadi kwenye kope, akiwa na mkate na hadithi, na nyumba ilijaa kicheko. Alikuwa mtu wa kubeba. Alinibeba mimi, alibeba magunia, na alipokuwepo alibeba betri mbili kwa mpigo, moja kila mkono, akitembea nazo huku anapiga mluzi. Niliamini kwamba hakuna kitu duniani baba asichoweza kukiinua.

Mwaka ule uliofuata ule wa katekista alirudi na kikohozi, na safari hiyo hakuondoka. Siku za mwanzo alikohoa hata akitaka kuitikia shikamoo yangu. Kutembea hadi barabarani kulimshinda. Lakini alikuwa na maelezo. "Ni hiyo asidi yenu," alimwambia mama. "Nikiwa kazini sikohoi hivi. Hewa ya hapa ndiyo inaniua." Mama hakubishana. Alihamisha chaja, betri na kila kitu, akajenga kibanda upya nyuma ya zizi, mbali na nyumba, upepo usilete harufu. Alifanya kazi hiyo karibu peke yake kwa siku mbili. Kikohozi hakikuhama na kibanda.

Kisha, baada ya wiki tatu za kukaa, uji, maziwa na supu, baba akaanza kuchangamka. Rangi ikarudi usoni. Asubuhi moja alitoka nje, akajinyoosha mpaka mifupa ikalia, akasema kwa furaha, "Mama Limi, mimi sasa nimejirudi."

Nilicheka kwa kufurahi. Mama alikuwa anakoroga uji. Mkono ukasimama na mwiko ndani ya sufuria, na uji ukaanza kushika chini.

Siku chache baadaye, asubuhi jua likiwa limepanda, Masanja akaja na pikipiki. Masanja alikuwa kiongozi wa duara lao, mtu mwema, mwenye sauti kubwa kwa kuzoea kuongea na watu walio shimoni. Alileta sukari. Walipeana mikono kwa muda mrefu wakicheka.

"Ngosha! Umenenepa wewe! Na sisi kule tunahangaika," akasema, akimwita kwa neno la Kisukuma la mwanamume.

"Vipi mwamba wa dhahabu?" baba akauliza.

"Tumeukaribia. Lakini matimba anafunga kijana nisiyemwamini. Nashuka chini roho iko juu. Twende, ngosha."

"Hata leo," baba akasema.

Ndipo nilipojua kwamba begi lake lilikuwa limeshafungwa chini ya kitanda. Mama akaleta chai. Akauliza, kwa utulivu, je, si vizuri kupitia hospitali kwanza kifua kiangaliwe. Baba akapunga mkono. "Hospitali kwa kikohozi cha asidi? Nikitoka hapa kitaisha chenyewe. Si unaona nilivyo?" Masanja akaunga mkono, kwamba kwa kweli ngosha anaonekana vizuri kuliko hata yeye. Na ilikuwa kweli. Aliyemwona pale kwenye kiti, kikombe mkononi, asingesema vingine.

Mama akamwongezea mgeni chai. Kisha akasema jambo la kawaida kabisa. "Baba Limi, kabla hamjaondoka, nisaidie kupeleka zile betri za mnadani barabarani. Mkokoteni unakuja kuzichukua."

Zilikuwa betri kumi na mbili, zote zimeshiba, zimepangwa kule kibandani nyuma ya zizi. Kutoka pale hadi barabarani, ukipita mbele ya nyumba, ni kama hatua mia. Baba akainuka hapohapo. Na mimi nikainuka, maana kubeba betri ndogo ilikuwa kazi yangu. Mama akaniambia, "Limi, kaa." Masanja naye akaweka kikombe chini atoe mkono, mama akamwambia, "Shemeji, wewe mgeni. Kunywa chai."

Kisha akavuta beseni la viazi na kisu, akakaa kwenye kigoda mahali anapoweza kuiona njia yote, akaanza kukata michembe.

Nadhani nilielewa kabla hajamaliza kiazi cha kwanza. Nilimtazama Masanja kama naye ameelewa, lakini yeye alikuwa anapuliza chai.

Baba akapita na betri mbili, moja kila mkono, anapiga mluzi. Akarudi. Akapita na nyingine mbili, mluzi haukuwepo lakini alimtania Masanja kwamba wa kwao duarani sasa wanabeba moja moja. Safari ya tatu, mbili tena. Alikuwa ametulia vizuri, hatua zilezile, mgongo uleule. Nikaanza kutabasamu. Nikasema moyoni, umeona, mama, umeona. Mama hakuinua uso. Kisu kilikuwa kinaenda, kac, kac, kac, na beseni lilikuwa bado limejaa zaidi ya nusu.

Safari ya nne alikuja na moja. Aliibeba kwa mikono yote miwili, kifuani. Hakumtania mtu. Safari ya tano alikuja na moja tena, akafika kwenye nguzo ya zizi, akaiweka chini, akashika nguzo. Akainama akaiinua. Akatembea hatua chache, akaiweka tena, na safari hii akaikalia. Hapo kikohozi kikamkamata. Sijawahi kusikia kikohozi kama kile tena. Kilimkunja, kikamwachia, kikamkunja, na alipoinua uso midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Alikuwa mbele ya mke wake, mwanawe na rafiki yake, amekaa juu ya betri ya kinyozi, hawezi kusimama.

Kisu cha mama kikaanguka ndani ya beseni. Alikuwa amejikata kidole, damu ikawa inadondokea viazi. Akakifunga kwa pindo la kanga, akachota maji kwenye kikombe, akampelekea, akasimama karibu naye amemshika bega.

Masanja alikaa muda mrefu na kikombe chake kilichopoa. Kisha akaja akachuchumaa mbele ya baba na kwa mara ya kwanza nikamsikia akiongea kwa sauti ndogo. "Ngosha, kaa kwanza. Duara halihami." Akabeba betri zote zilizobaki hadi barabarani, mgeni au si mgeni, akawasha pikipiki akaondoka peke yake. Begi likabaki chini ya kitanda.

Nilimchukia mama siku hiyo, naomba unielewe. Nilimfuata jikoni nikiwa nalia. "Umemuaibisha baba mbele ya mgeni. Ulijua. Ulimfanya kama betri."

Hakukana. Alikuwa anaosha kidole. "Nenda kaanike vile viazi ambavyo havina damu," akasema. Nikaapa kwamba michembe ya beseni lile sitaitia mdomoni. Kiapo hicho kilidumu mpaka kiangazi kilipofika kweli, maana njaa haikuwa upande wangu.

Juma lililofuata baba alikubali kwenda hospitali bila kubishana. Walimpiga picha ya kifua. Vumbi la mawe la miaka yote ile lilikuwa limekaa ndani ya mapafu, na hilo, walisema, halitoki. Juu yake kulikuwa na kifua kikuu, na hicho kilitoka, kwa vidonge vya miezi mingi ambavyo mama alimhesabia kila asubuhi kama anayemlisha mtoto. Daktari akamwambia kwamba duarani asirudi hata kutazama, kwamba kwa mapafu yale na ugonjwa ule, kushuka tena kungekuwa kwenda kujizika. Asidi haikuhusika. Nilifurahi kidogo kwa ajili ya asidi, ambayo ilikuwa imesingiziwa.

Baba akawa mtu wa kibandani. Hakubeba tena, alikaa kwenye kigoda akaunganisha waya, akasafisha vichwa vya betri, akawapigia wateja hadithi hadi wengine wakawa wanaleta betri ambazo hazijaisha. Mimi nikawa mtoto niliyekuwa na baba nyumbani kila siku, asubuhi na jioni, miaka yote ya shule. Wenzangu wawili darasani, ambao baba zao waliendelea kushuka duarani, hawakuwa na bahati hiyo. Masanja mwenyewe alikuja baada ya miaka, amekonda, kuuliza ni hospitali ipi ile, na baba akampeleka mwenyewe.

Ilinichukua muda kuelewa kilichotokea kwenye ile njia ya hatua mia. Nilipokuwa chuo nikaona kwamba mama hakumdhalilisha mtu. Alikuwa na mume ambaye maneno yasingemzuia, na mgeni ambaye macho yake yalimdanganya, na alijua njia moja tu ya kuuona ukweli, akaitumia kabla pikipiki haijawashwa. Nilimwandikia barua kumwomba radhi. Hakuijibu, alinitumia michembe.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo kichwani Kagongwa, wakati fundi, kwa kunihurumia, alipoiunganisha betri yake kwenye taa kubwa za gari langu. Tulisimama tukazitazama mchana kweupe. Haikupita muda zikawa za rangi ya chai. Fundi akajikuna kichwa. "Ilikuwa imekaa muda mrefu, mwalimu," akasema. Nikamwambia najua, imejirudi, na akacheka kwa neno hilo, akaenda kuniletea nyingine, na hiyo nyingine ndiyo iliyonifikisha nyumbani kwa wazazi wangu, jirani na Kharumwa.

Niliwakuta wamekaa barazani jua likianza kulegea. Umeme umefika kijijini siku hizi, kibanda ni stoo ya mahindi, lakini taa ya kopo bado inaning'inia kwenye msumari. Baba anapumua kwa hesabu na hatembei mbali, ila hadithi hazijapungua. Nikashusha mchele, nikawasimulia ya fundi wa Kagongwa, wakacheka. Ndipo baba akasema, bila kunitazama mimi, anamtazama mama, "Mnadhani siku ile sikuliona beseni?"

Mama akageuka. Nilijua palepale kwamba na yeye alikuwa hajui.

"Niliona ulipolivuta," baba akasema. "Betri zilikuwa bado kule, na mimi sijabeba hata moja. Ningeweza kupanda pikipiki nikaondoka. Lakini nilikuwa sijalala wiki nzima kwa kuogopa, na siwezi kumwambia Masanja naogopa. Nikasema, acha aniwashe, nijue."

Mama alikuwa anakisugua kidole chake cha shahada cha mkono wa kushoto, pale penye kovu. Maisha yangu yote nilimjua kama mtu asiyetetereka, aliyekata viazi siku ile kwa mkono mgumu akisubiri ukweli utokee wowote utakaotokea.

"Betri ngapi zimepita hapa," akasema mwishowe. "Zote nilikuwa nataka ziwake. Ile safari ya tatu, ulipopita bado una nguvu, nilifumba macho nikaomba. Nilikuwa naomba uzime."

Ndiyo sababu alijikata. Hakuwa anaangalia kisu.

Baba akakohoa kidogo, kile kikohozi chake cha siku zote, akangoja kipite. Kisha akauchukua mkono ule wenye kovu, mbele yangu, yeye ambaye sijawahi kumwona akimshika mama mkono, akasema kwa Kisukuma, "Wabeja, Mama Limi." Asante. Na mimi niliyekuwa nimebeba shukrani yangu kwa miaka yote nikidhani ni ya kwangu peke yangu, nikainuka nikaenda kuutafutia ule mchele sufuria.